Sahani ya Kyungu

Wadogo zangu wa biro,

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru. Inakwenda vizuri, ingawa ni zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi. Nimeitundika juu ya meza hapa nyumbani mtaa wa Dimayi, Kamina, na tangu hapo nasikia kimya cha nyumba hii kuliko nilivyowahi kukisikia. Mliniomba pia niwaandikie kazi ilivyokuwa, nyinyi mlioingia wakati kompyuta, hizi ordinateur zenu, zimeshafika na vita vimeshaondoka. Basi nimeandika. Habari za vyeo naziruka, kwa sababu nilipata kimoja tu, na kilikuja na chumba ambacho mlango wake haufungiki. Nitawaeleza habari ya mtoto mmoja na sahani moja, na mkifika mwisho mtajua kwa nini sikungoja nipumzike kwanza.

Nilianza katika biro hii, ofisi yetu, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba yangu alikuwa karani, mama yangu mwalimu, mimi nimetoka shule ya Wamethodisti na cheti changu mkononi, na niliamini kwamba serikali ni kitu kinachokaa ndani ya kabati. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Mkuu wa biro, Papa Monga, nilimkuta uani amechuchumaa, anasugua birika kwa majivu. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, suruali yake imepigwa pasi mpaka inang'aa magotini. Aliangalia miguu yangu kabla ya kuangalia uso.

"Mama, bile biatu ni ya ndoa," akasema. "Huku tunatembeaka."

Alisema kweli. Kabati nililolitegemea lilikuwa na kashe ya biro, yaani muhuri, isiyo na wino, na tuliloweka kalamu ya kopi kwenye maji ili tupate rangi ya kugongea mihuri. Zaidi ya hiyo kashe tulikuwa na birika na benchi ya nje. Kazi yetu, kwa maneno ya serikali, ilikuwa kuwasaidia vijana wasio na mtu na wageni wanaoomba hifadhi. Kwa vitendo ilikuwa kuwatafutia nyumba ya kulala, kuwaombea unga kwa mapadri na kwa wachungaji, na kuwasindikiza kwa miguu kila mahali ambapo wangefukuzwa kama wangekwenda peke yao. Viatu vya kisigino nilivivua mwisho wa juma lile na sikuvivaa tena ila kanisani.

Papa Monga hakupenda hotuba. Alinifundisha mara moja, nilipomkalisha msichana mmoja mbele ya meza na kuanza kama nilivyosoma shuleni: jina lako, jina la baba, kijiji. Aliweka mkono wake juu ya karatasi yangu.

"Muntu akifika, usianze na jina," alisema. "Uliza kama alisha kula. Jina itakuya yenyewe."

Nilidhani ni upole wa wazee tu. Baadaye niligundua ni ufundi. Mwenye njaa atakupa jina lolote ili umalize haraka, na kesho yake unamtafuta mtu ambaye hayupo duniani. Aliyeshiba anakaa, anafikiri, anakumbuka mpaka jina la mbwa wa jirani.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa João, kijana aliyekimbia Angola na kuomba hifadhi kwetu. Tulipeleka ombi lake Lubumbashi. Kila Jumatatu alikuja kukaa kwenye benchi na kuuliza kama jibu limefika. Halikufika. Benchi ilivunjika chini yake, akatengeneza nyingine kwa mbao ngumu, akaendelea kungoja juu ya hiyo. Jibu lilikuja wakati ameshaoa huko mtaa wa Sobongo, ana watoto, na hakumbuki vizuri aliomba nini. Nilimpelekea mwenyewe. Alilisoma, akaniuliza kama benchi bado iko imara. Ndiyo hiyo mnayokalia mnapokunywa chai.

Mambo yangu ya nyumbani nayasema mara moja ili tusirudi huko. Mume wangu alikuwa fundi wa reli. Treni zilipoanza kulala stesheni majuma na majuma, alisema anakwenda Likasi kuangalia kazi. Alikwenda kuangalia, na nadhani mpaka leo anaangalia. Mtoto hatukuwa naye. Huyo mume sikumwekea chakula. Niliacha kula mezani, nikawa nakula nimesimama jikoni, kijiko ndani ya sufuria, na nikajiambia ni kwa sababu ya wingi wa kazi. Nilikuwa mpweke, wadogo zangu, na mpweke hufanya kazi vizuri sana. Wakubwa walinisifu.

Kisha vita. Vya kwanza vilipita kama gari linalokwenda mbali: kelele, vumbi, basi. Vya pili vilikaa. Ndege za kijeshi zilipita juu ya paa zetu kuelekea base, kituo cha ndege za jeshi, dirisha la biro likitetemeka, na kutoka upande wa Malemba-Nkulu watu walianza kufika kwa miguu, magodoro vichwani, nyayo zimepasuka. Treni haikuwapo. Kilichotembea kati yetu na mto Lualaba ni baiskeli tu, zile tunazoita kinga, na wanaume waliozisukuma zikiwa na makapu ya samaki wakavu marefu kuliko wao. Walikuwa gazeti letu na posta yetu. Mkubwa wao aliitwa Mwilambwe, mtu wa Kabondo-Dianda, mfupi, mwenye miguu ya chuma na mdomo usiofungika.

Siku moja asubuhi Mwilambwe aliegemeza kinga yake kwenye ukuta wetu na kuteremsha, kutoka juu ya kapu, msichana wa miaka kumi na miwili hivi.

"Nilimuokota mu njia," akasema. "Haniambii kitu. Minyi nazoea samaki, nabo pia habasemi."

Nilimuuliza yule mtoto kama alisha kula. Nikamletea sahani ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo. Aliitazama, akaigawa katikati kwa ukingo wa kiganja, taratibu, kama mtu anayekata sabuni. Alikula upande mmoja. Upande wa pili akausogeza mbele ya nafasi tupu kwenye benchi, kando yake.

"Kula yote," nikamwambia. "Iko ingine."

"Ile iko ya Kyungu," akasema.

Jina lilikuwa limekuja lenyewe. Kati yenu wapo waliotoka mbali, kwa hiyo nieleze. Kwetu Waluba mapacha hawatafutiwi majina, wanazaliwa nayo. Anayetangulia ni Kyungu, anayefuata ni Kabange, wawe wavulana, wawe wasichana, katika kila kijiji na kila nyumba. Basi alikuwa Kabange, na Kyungu wake alikuwa kaka yake. Kijiji kilipokimbia alfajiri, Kyungu alisema anarudi nyumbani mara moja kuchukua kinga ya baba yao, baba mwenyewe akiwa ameshauawa. Watu walikuwa wanasukumana kuingia mtumbwini. Mtu alimbeba Kabange akamtupa ndani, na mtumbwi ukaondoka.

Nilimpeleka kwa Mama Kalenga, mjane Mkatoliki mwenye shamba la mihogo nyuma ya mtaa wangu, ambaye hakuwahi kunikatalia mtoto. Alimwangalia juu mpaka chini, akamuuliza jina, kisha akaniangalia mimi kama mtu aliyeuziwa kuku mwenye bawa moja.

"Minyi nilikubali mutoto," akasema. "Weye unaniletea nusu."

Sikucheka, maana hakuwa anatania. Mapacha hupewa sawa. Ukimpa mmoja nguo, unampa na mwingine. Ukimsalimu mmoja ukampita mwenzake, umetafuta ugonjwa. Sasa mtu afanye nini na mmoja ambaye mwenzake hajulikani kama yuko hai? Mimi nilikuwa mtoto wa kanisa na mambo ya mapasa, kama tunavyowaita, nilifundishwa kuyaita giza. Lakini sikuwa na nyumba nyingine, na mtoto alikuwa amesimama pale anasikia kila neno.

Mama Kalenga ndiye aliyeamua. Aliingia ndani, akatoka na sahani mbili za bati zenye ua jekundu, akaziweka mkekani. "Atakula hapa. Na ule mwenzake atakula hapa. Akikosekana, batoto ba jirani batamusaidia." Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila mlo sahani mbili, moja ikifunikwa mpaka Kabange amalize yake, kisha watoto wa jirani wanaitwa, kwa sababu hakuna aliyetaka bukari itupwe. Nilipomweleza Papa Monga nilitarajia aniambie habari za imani. Alichukua cheti cha ghala la unga na akaandika chakula cha watu wawili. Mwenye ghala alipouliza wa pili ni nani, Papa Monga alimjibu kwamba yuko njiani.

Na sisi tukafanya kazi yetu. Nilimkalisha Mwilambwe, nikampa chai, nikamkaririsha ujumbe kama mtoto wa katekisimu: Kabange, binti wa marehemu Banza mfua vyuma, yuko Kamina kwenye biro ya batoto, anamtafuta Kyungu wake aliyerudi kuchukua kinga. Aliukariri bila kosa. Aliusema Kabondo-Dianda, akawapa wenzake waliokuwa wanavuka, nao wakaupeleka sokoni, makanisani, kwenye vivuko, kambini porini. Lakini mtu anayekimbia habebi mzigo mrefu. Kila mdomo ulipunguza kidogo. Marehemu Banza aliachwa njiani, ufundi wa kufua vyuma ukafuata, kinga nayo ikaanguka. Kilichofika kule kilikuwa hiki: Kabange iko Kamina, anamutafuta Kyungu.

Hebu fikirini. Nchi nzima inakimbia, ndugu wametengana kila mahali, na karibu kila ukoo una Kyungu na Kabange wake.

Wa kwanza alifika wakati wa kiangazi. Nilisikia sauti mlangoni: "Banasema Kabange iko huku, ananitafuta. Minyi njo Kyungu." Kabla sijainua macho nilikuwa nimeshamtuma mtu mbio kwa Mama Kalenga. Kisha nikaangalia. Alikuwa mwanaume mzima mwenye ndevu, ameegemea fimbo, kifundo cha mguu kimevimba. Kabange alikuja akikimbia, mikono yake ina unga mpaka kwenye viwiko, alikuwa ametupa mchi. Alikata kona ya ukuta na kusimama. Wakatazamana. Sijui kama nimewahi kuona kitu kibaya zaidi katika miaka yangu yote ya kazi, na hakuna aliyekuwa na silaha.

"Haiko ye," Kabange akasema.

"Yangu ni mwanaume," yule mtu akasema, polepole, kama anayeomba radhi. "Balimubeba basoda na bunduki. Nilizani alibaponyoka."

Akakaa chini palepale, mlangoni, akajifunika uso kwa kofia yake. Alikuwa ametembea kutoka ng'ambo ya Malemba. Papa Monga alitoka chumbani kwake, akamwinamia.

"Ulisha kula?"

Hakuwa amekula. Birika lilikuwa na chai lakini chakula hatukuwa nacho siku hiyo. Kabange aligeuka, akaondoka bila kuaga, nami nikafikiri amekwenda kulia. Alirudi na sahani ya bati yenye ua jekundu, imefunikwa na nyingine. Akaiweka mbele ya yule mwanaume.

"Kula," akasema. "Iko ya Kyungu."

Yule mtu alikula, machozi yakidondoka ndani ya chakula, na Kabange akakaa kwenye ncha ya benchi akimtazama mpaka alipolamba vidole.

Walikuja wengine. Alikuja kijana aliyevaa koti la mwanamke. Wakaja watu wawili siku moja, wasiojuana, ambao walikutana njiani na kugundua kwamba wote ni Kyungu na wote wanakwenda kwa Kabange mmoja. Walitembea pamoja hata hivyo, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Alikuja mtoto mdogo anayevutwa na bibi yake, na huyu alikuwa na bahati: mama yake, huko mafichoni, alisikia kwamba Kyungu wake amepelekwa Kamina, akafuata, Kabange wake mgongoni. Wale mapacha wadogo walikula mbele ya biro kwenye zile sahani mbili, wakinyang'anyana mfupa wa samaki. Kabange wetu aliwapikia, akawaoshea mikono, akawasindikiza mpaka njia panda. Aliporudi alimwambia Mama Kalenga kichwa kinamuuma na akalala jua likiwa bado juu.

Lakini ninayemkumbuka kuliko wote ni mwanamke mzee, kichwa cheupe, aliyefika akiwa amefunga miguu kwa vitambaa. Naye aliitwa Kyungu. Nilimuuliza taratibu Kabange wake alipotea lini.

"Hakupotea," akasema. "Alikufa tungali badogo. Surua."

Nilidhani hakuelewa. Nikamweleza kwamba huyu Kabange wa hapa ni mtoto.

"Najua, mama. Najua haiko ye. Lakini balikuya kuniambia Kabange ananitafuta. Sasa nitaikala nyumbani vipi?"

Mimi niliyejifunza kutolia kazini nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo cha biro kwa muda. Niliporudi Kabange alikuwa ameshafika. Safari hii hakuwa amekimbia. Alikuja kwa hatua za kawaida, sahani tayari mkononi. Yule bibi alimshika kidevu, akamwangalia sana, akasema ni mzuri, kisha akala chakula chote.

Tangu siku hiyo niliona kwamba Kabange hakimbii tena anapoitwa, na jambo hilo lilinitisha. Nilifikiri tunamuumiza. Kila Kyungu anayefika alikuwa anamfisha kaka yake upya, na wale wengine nao walikuwa wanatembea katikati ya vita kwa ajili ya maneno yaliyokatika vipande. Nikamwita Mwilambwe, nikamwambia asimamishe ujumbe. Alinitazama kwa huruma.

"Mama, ile maneno haiko samaki. Siwezi kuifunga kamba."

Basi nikamwambia Kabange kwamba angalau asije tena biro. Nitawaona mimi, nitawauliza, na akija wa kweli ndipo nitamwita. Alikuwa anachambua sombe, hakuinua kichwa.

"Hapana, mama."

"Kabange, unaumia bure."

"Bakiacha kukuya bale, naye ataacha," akasema. "Na akifika, akute watu balishazoea. Asikute mulango inafungwa."

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, labda. Sikubishana naye tena. Papa Monga aliongeza sufuria ya pili juu ya mafiga ya uani, na kazi ikaendelea.

Vita viliisha kama vilivyokuja, bila mtu wa kututangazia. Mashirika yalifika na picha za watoto kwenye mbao, tukatazama kila uso, Kabange akatazama kila uso. Kyungu wake hakuwamo. Akina Kyungu wengine walipungua, wakawa mmoja kwa msimu, kisha hawakuja. Papa Monga alistaafu, na baada ya muda tulimzika, na birika akaniachia mimi. Mama Kalenga naye alikwenda. Kabange alikua, akaolewa na mwalimu wa Sobongo, mwanaume mpole aliyeambiwa mapema kuhusu sahani ya pili na akajibu kwamba kwao walikuwa wengi, amezoea. Sasa anauza samaki wakavu kwenye soko kubwa. Wengi wenu mnanunua kwake bila kumjua. Mkipita mchana mtaona anakula kwenye kiti chake kidogo, na kando yake sahani iliyofunikwa.

Mimi nilikuwa napita kwake Jumapili baada ya ibada. Mara nyingi alinikaribisha ile sahani ya pili. Sikuikubali hata mara moja. Nilimwambia nimeshiba, nikaenda nyumbani kula nimesimama.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Juma moja baada ya kuniaga nilirudi biro kuchukua birika, kwa sababu mliniwekea keki na maua na saa, na birika la Papa Monga mkalisahau chini ya meza. Patient, ambaye nyote mnamjua, kijana mwenye adabu na shati safi, alinikimbilia mlangoni kunipokea mkoba.

"Mama Numbi, bahati yako! Kuko papa moja alikuya kukutafuta. Juzi."

"Papa gani?"

"Simujui. Alisema ye njo Kyungu. Anatafuta Kabange, eti balimwambia kitambo iko huku. Nilitafuta mu ordinateur, hakuna kitu. Nilimuuliza karatasi, hana. Nilimwambia aende kwa mairie aulizie kule."

Niliweka birika chini. Nilimuuliza alikuwa na umri gani. Patient akasema si mzee, si kijana, kama mtu wa umri wa dada yake mkubwa. Nilimuuliza alikuja na nini.

"Alikuwa na kinga, mama. Ya zamani sana. Anaisukuma tu, hapandi."

Najua kwamba kinga za zamani ni nyingi. Najua kwamba hata wale wengine wote walifika na uhakika wao. Mimi ndiye niliyesimama pale mlangoni kila mara, hakuna wa kunifundisha hilo. Lakini tulikwenda mairie, ofisi ya meya, Patient nami, naye alitembea mbele yangu akiwa na uso uliokwajuka, na sikumgombeza, kwa maana hakuna mtu aliyemwambia. Mairie hawakumwona. Stesheni hawakumwona. Kwenye maegesho ya wasukuma kinga, kijana mmoja alisema mtu wa namna hiyo alilala hapo, akaondoka asubuhi na njia ya Kabondo-Dianda.

Kisha nilikwenda sokoni. Wadogo zangu, nimewahi kupeleka habari za vifo nyumba nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na miguu haijawahi kuwa mizito vile. Kabange alikuwa anapanga samaki. Nilimweleza yote: mlango, karatasi, kinga, njia. Alisikiliza akiwa ameshika samaki mmoja mkononi. Nilingoja apige kelele, nilingoja aniulize sura yake, urefu wake, alisema nini. Aliniuliza neno moja tu.

"Alikula?"

Nilitikisa kichwa. Aliona. Akaweka yule samaki mahali pake, akafungua sahani iliyokuwa kando ya kiti, akanisogezea.

"Ikala, mama," akasema. "Weye pia hautakula peke yako leo."

Nilikaa. Nilikula ile sahani yote, katikati ya soko, watu wakipita, na nililia bila kujificha nyuma ya choo.

Ujumbe umeshaondoka tena. Mwilambwe ni mzee, lakini wajukuu zake wanasukuma, na safari hii nimewakaririsha Banza mfua vyuma mpaka wamechoka nami. Asubuhi nakaa kwenye benchi ya João, mbele ya biro, na birika langu. Mnanipita mnasema shikamoo, na nimesikia mmoja wenu akinong'ona kwamba Mama amesahau kuwa amestaafu. Sijasahau. Saa yenu inanikumbusha kila usiku. Saa sita mchana Kabange hutuma sahani yenye kifuniko, nami naishika magotini mpaka inapoa, kisha tunaita mtoto yeyote anayepita.

Lakini nina umri, na kuna siku mvua itanizuia, na kuna siku itakayokuja ambayo sitatoka kabisa. Akija siku hiyo, akasimama mlangoni na kinga yake, jina lake mnalijua tayari. Mwulizeni kama alisha kula.